Ua wa misaiprasi uliokauka mvua ikinyesha: uchambuzi wa kisa kimoja

## Usuli

Boma la kisa hiki liko katika mji mdogo wa nyanda za juu za Kenya, penye udongo mwekundu na baridi ya Julai inayofika mifupani. Majina yameondolewa na vipimo kadhaa vimebadilishwa kidogo ili wahusika wasitambulike. Mwenye boma nitamwita Mwalimu, kwa kuwa amestaafu lakini mtaa mzima bado unamwita hivyo.

Ua una umbo la pembe. Kipande kimoja, kama mita 25, kinaelekea barabarani. Kingine, kama mita 45, kinapakana na shamba la jirani, mzee anayelima mahindi na maharagwe na kufuga ng'ombe wa maziwa. Mwalimu na marehemu mumewe walipanda miche yote msimu mmoja kutoka kitalu kimoja, zaidi ya miaka 20 iliyopita, wakiipa nafasi ya nusu mita. Fundi wa kuukata ni yuleyule miaka yote, mara mbili kwa mwaka. Mambo haya yanaonekana madogo, lakini ndiyo yaliyorahisisha kazi. Miti ina umri mmoja, asili moja na imekatwa na mkono mmoja. Mingine ikifa na mingine isife, chanzo kitafutwe katika kile ambacho si sawa kwa yote.

Msaiprasi unaopandwa sana kwetu ni Cupressus lusitanica, wenye asili ya Meksiko na Amerika ya Kati. Kabla yake uliopendwa ni ndugu yake kutoka pwani ya California, Cupressus macrocarpa, mpaka ugonjwa wa donda la gome ulipoushinda na wenye mashamba ya miti wakauacha. Lusitanica ulistahimili donda vizuri zaidi, ukaenea shuleni, makanisani na majumbani. Halafu akaja mdudu. Kidukari mgeni wa misaiprasi alionekana Malawi mwaka 1986, na mwaka 1990 alikuwa ameshaingia Kenya. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka nyua ndefu zikigeuka rangi ya kutu. Mwalimu naye anakumbuka, ila kwake lilikuwa "lile jambo la miaka ya tisini", lililokuja na kwenda zake.

## Yaliyotokea kwa mfuatano

Desemba, mafundi walichimba mtaro wa bomba la maji kando ya barabara, kina cha futi mbili hivi, chini ya mita moja kutoka mashina ya ua. Bomba likalazwa, mtaro ukafukiwa kwa udongo na mawe. Ua ulibaki kijani na hakuna aliyeufikiria tena.

Januari na Februari jua liliwaka sana. Katikati ya Februari fundi alikuja kukata ua, na safari hii aliingia ndani zaidi ubavuni mwa upande wa jirani kwa sababu matawi yalikuwa yanaegemea mahindi ya watu. Baadaye, alipoulizwa, alikumbuka kwamba sisimizi walimpanda mpaka shingoni na mikono ilikuwa inanata. Wakati ule hakumwambia mtu. Nani ataenda kuripoti sisimizi?

Mvua za masika zilianza katikati ya Machi. Siku hizohizo jirani alipulizia dawa ya kuua magugu shambani kwake, kama anavyofanya kila mwaka kabla ya kupanda. Aprili ilipoanza, madoa ya kahawia yakajitokeza kwenye kipande kinachopakana naye. Maneno yakaanzia hapo, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa kinyume cha matarajio: kila kitu kinachipua, ua unakauka.

Kijana wa bustani aliona ni kiu iliyobaki ya kiangazi, akaongeza maji juu ya mvua. Haikusaidia. Mwalimu akaenda duka la agroveti, akaeleza kwa mdomo bila kubeba hata kitawi, akarudi na dawa ya mchwa. Ilimwagwa kwenye mashina ya upande wote wa jirani, na kwa kuwa kitalu cha sukuma wiki kiko hatua chache kutoka hapo na maji ya mvua yanateremkia huko, mboga zile hazikuliwa tena. Kufika katikati ya Mei madoa yalikuwa yanaungana, na sasa hata ncha za kipande cha barabarani zilianza kupauka.

Ndipo neno sumu lilipotajwa. Mwana wa Mwalimu aliyeko Nairobi alitumiwa picha kwa simu, akajibu kwamba hiyo ni dawa ya magugu, haina mjadala. Jirani alipitiwa kuulizwa, akakasirika, mzee wa Nyumba Kumi akahusishwa. Wakati huohuo shemeji ya Mwalimu alileta fundi wa msumeno wa mashine aliyeshauri ua wote ung'olewe, mashina ayanunue yeye. Ushauri wa mnunuzi wa kuni kuhusu mti kuishi au kufa una kasoro yake, lakini bei aliyotaja ilikuwa nzuri na Mwalimu alikuwa amechoka.

Niliitwa mwanzoni mwa Juni. Swali nililopokelewa nalo lilikuwa limeshajijibu: "Wewe niambie tu ni sumu gani, ili nijue pa kuipeleka."

"Mwalimu, kabla ya sumu, nionyeshe ulipoanza," nilimwambia.

## Uchunguzi

Rangi ya kahawia kwenye msaiprasi ni habari iliyochelewa. Tawi lililokatwa kwa ajili ya Krismasi hubaki kijani sebuleni wiki kadhaa ilhali limeshakufa tangu lilipotenganishwa na mti. Basi anayeona ukavu mwezi wa Aprili asitafute chanzo cha Aprili. Aulize Januari kulikuwa na nini, na Desemba. Ndiyo maana kazi ya kwanza ilikuwa kalenda. Tulikaa na Mwalimu na kijana wa bustani, tukamwita na fundi, tukaandika matukio ya miezi sita kwenye karatasi moja: mtaro, jua, ukataji, sisimizi, mvua, dawa ya jirani, dawa ya mchwa. Hiyo ndiyo karatasi iliyozaa mfuatano uliousoma hapo juu. Kabla ya siku hiyo hakuna mtu mmoja aliyekuwa nao wote kichwani.

Kazi ya pili ilikuwa ramani. Tulipita ua mzima, pande zote mbili, tukichora ni wapi pamekauka, kwa urefu gani, kuanzia wapi kuelekea wapi. Upande wa pili ulihitaji ruhusa ya jirani. Nilikwenda kuomba mwenyewe, nikapokelewa kwa baridi, lakini mlango ulifunguliwa. Mchoro ulipokamilika ilionekana wazi kwamba ua haukuwa na tatizo moja.

Upande wa jirani ukavu ulikuwa wa madoa. Doa linaanzia ndani na chini, linapanuka kuelekea nje, na kati ya doa na doa kuna mita mbili tatu za kijani kisicho na kasoro. Kila doa lilitokea pande zote mbili za ua. Upande wa barabara hapakuwa na madoa hata moja. Ukavu ulianzia kileleni kushuka chini, kwa usawa, mti baada ya mti, na miti ya karibu na lango ambako mtaro ulikunja kuelekea upande wa pili wa barabara ilikuwa mizima kabisa.

Tuanze na sumu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa inachoma. Dawa ya magugu inayopeperushwa na upepo hupiga uso unaoielekea, hivyo ungetarajia upande wa shamba uungue na upande wa Mwalimu ubaki. Haikuwa hivyo. Tena chini ya ua, upande wa shamba, kulikuwa na mstari wa nepia, nyasi ndefu za kulishia ng'ombe, ambao majani yake yanagusa matawi yaliyokauka. Nepia ilikuwa ya kijani kibichi, ya zamani, si machipukizi mapya. Kishona nguo kilikuwa kimeshakomaa mbegu. Palikuwa na kongwe pia, lakini kongwe sikuihesabu kama shahidi: ni gugu linalojulikana kwa kuivumilia dawa ya aina hiyo, kwa hiyo kuwepo kwake hakuthibitishi lolote. Nepia ilitosha. Dawa yenye nguvu ya kuua msaiprasi wa miaka 20 hadi ndani haiwezi kuruka nepia iliyosimama katikati ya njia.

Mchwa walikuwepo, ndiyo. Tulipobandua gome kwenye mashina mawili yaliyokufa tulikuta njia zao za udongo. Lakini walikuwa wanakula mbao kavu tu, na miti yenye doa changa, ambayo ndiyo ingepaswa kuwa nao wengi kama wao ndio wauaji, haikuwa na hata mmoja. Walikuja baada ya msiba.

Kuvu wa mizizi tulimtafuta kwa kufukua shingo ya shina na kuchuna gome chini ya usawa wa udongo. Katika maeneo yetu, hasa palipofyekwa msitu wa asili, kuna kuvu aina ya Armillaria anayeua chai na miti mingine, na alama yake ni utando mweupe mnene kama karatasi kati ya gome na mbao, wenye harufu ya uyoga. Hapakuwa na utando.

Donda la gome tulilikuta, lakini kidogo. Kwenye miti miwili kulikuwa na visiki vya matawi yaliyokatwa zamani, gome limebonyea, utomvu umetiririka na kukauka. Matawi ya juu ya vidonda hivyo yalikuwa yamekufa. Lakini madoa makubwa hayakuwa na vidonda, kwa hiyo donda lilieleza matawi mawili, halikueleza ua.

Kilichoeleza madoa kilikuwa ndani, mahali ambapo hakuna aliyekuwa ameingiza kichwa. Tulipofungua matawi kwa mikono miwili, vijiti vyote vya ndani vilikuwa vyeusi kama vimepakwa masizi, na weusi ulitoka kwa kusuguliwa na kidole. Huo ni ukungu unaoota juu ya majimaji matamu wanayodondosha vidukari. Vidukari wenyewe hawakuwepo ndani ya doa. Hili ndilo linalopoteza watu wengi: mti unapobadilika rangi mdudu ameshahama, kwa sababu hakai kwenye tawi lisilo na utomvu wa kufyonza, na mvua kubwa ya masika ilikuwa imewapangusa wengi. Unakagua doa, huoni mdudu, unasema si wadudu. Ukitaka kumkuta, nenda ukingoni, pale kijani kinapopakana na kahawia. Hapo tulitandika karatasi nyeupe chini ya tawi tukaligonga kwa fimbo, wakaanguka: wa kahawia wenye kijivu, milimita chache, miguu mirefu. Kwenye matawi wenzao walikuwa wamejipanga makundi kandokando ya kijiti, na sisimizi wakipanda na kushuka.

Kidukari huyu, ambaye tangu 1999 wataalamu wanamwita Cinara cupressivora, hafyonzi tu. Mate yake yana sumu kwa mti, ndiyo maana tawi hufa hata wakati idadi yake haionekani ya kutisha. Jike huzaa bila dume, na huzaa wana hai badala ya mayai, kwa hiyo kiangazi kimoja kinatosha kugeuza wachache kuwa kundi la kuua. Kwa hiyo sisimizi wa Februari na mikono iliyonata ya fundi vilikuwa taarifa kamili ya ugonjwa, zaidi ya mwezi mmoja kabla ya doa la kwanza.

Kati ya vidukari tulikuta pia maganda yaliyovimba, rangi ya dhahabu iliyofifia, yenye tundu la mviringo. Hayo ni mabaki ya vidukari walioliwa kutoka ndani na mtoto wa nyigu mdogo. Nyigu aitwaye Pauesia juniperorum aliachiliwa Malawi mwaka 1994, kisha katika nchi nyingine za kanda yetu, Kenya ikiwemo, kwa kazi hiyohiyo. Sikuwa na darubini wala haja ya kuthibitisha jina la nyigu wa Mwalimu. Ilitosha kujua kwamba yuko anayefanya kazi.

Upande wa barabara haukuwa na masizi hata kidogo. Tulifukua kwenye mstari wa mtaro, na kila shina tuliloligusa lilikuwa na mizizi minene iliyokatwa kwa sururu, ncha zimeshaoza. Mizizi ya msaiprasi hukaa juujuu, na mtaro ulikuwa umeondoa karibu nusu ya upande mmoja wa kila mti. Desemba mti ulikuwa na akiba. Jua la Januari na Februari likaimaliza, na kilele ndicho cha kwanza kukosa maji.

## Maamuzi na sababu zake

La kwanza lilikuwa kutong'oa. Zaidi ya theluthi mbili ya ua ilikuwa hai, na ua huo ndio kizuizi cha upepo na ndio ulinzi wa boma la mama anayeishi na kijana mmoja tu. Fundi wa msumeno hakufurahi.

Alipoona hatung'oi, alipendekeza ukatwe hadi nusu ili uchipue upya, kama chai inavyokatwa kwenye mashamba. Hili lilihitaji kupingwa kwa nguvu zaidi kuliko lile la kwanza, maana linavutia akili. Chai hukatwa ikabaki vijiti na ikachipua. Kayaba, mti wa miiba unaopandwa kuwa ua, vilevile. Msaiprasi hauchipui kutoka kwenye mbao isiyo na majani. Ukiukata kupita mstari wa kijani umeumaliza, na shimo litakalobaki halitajazwa na mti ule tena. Kwa hiyo kanuni tuliyoifuata ilikuwa ya kucha: kwaruza gome la kijiti, penye ubichi acha, pakavu hadi shinani ondoa. Matawi yenye donda yalikatwa chini kabisa ya kidonda, makasi yakifutwa kwa spiriti kati ya mti na mti, na takataka zote zikachomwa mbali na ua.

Kuhusu vidukari tulibishana. Mwalimu alitaka dawa kali, na baada ya miezi miwili ya hasara ni haki yake kutaka. Nilipendelea kuanza na maji na sabuni, kwa sababu mbili. Yale maganda ya nyigu yalionyesha kwamba dawa inayoua kila kiumbe ingemwondoa anayetusaidia, kisha vidukari, wanaozaana haraka kuliko yeye, wangerudi wakiwa peke yao. Pia jirani ana mizinga, na nyuki huja kulamba yale majimaji matamu. Kupulizia sumu juu ya matawi yanayonata ni kuwaandalia nyuki meza. Baada ya yote yaliyosemwa kuhusu mzee yule, kumuulia nyuki lingekuwa jambo la ajabu.

Tulikubaliana hivi. Kwanza mpira wa maji kwa nguvu ndani ya ua, kuwaangusha. Kisha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, vijiko vikubwa viwili kwa lita tano, baada ya kujaribu kwenye tawi moja na kungoja siku kadhaa kuona kama linaungua. Kupulizia kufanyike jioni, kulenga ndani na ukingo wa madoa, kurudiwa kila wiki hadi karatasi nyeupe ibaki nyeupe. Ikifika mwisho wa Julai na bado wanaanguka wengi, basi itumike dawa inayopenya ndani ya mti, iliyosajiliwa na Bodi ya Kudhibiti Viuatilifu, kwenye miti iliyovamiwa tu.

Kwa kipande cha barabarani hapakuwa na cha kupulizia. Mizizi iliyokatwa hairudishwi kwa dawa. Tulichofanya ni kumwagilia kwa kina mara moja kwa wiki badala ya kidogokidogo kila siku, kutandaza majani makavu juu ya mizizi, na kukataza mbolea, ambayo ingeusukuma mti kutoa majani usioweza kuyanywesha. Halafu kungoja mvua za vuli kabla ya kuamua mti upi uondoke.

Mapengo yajazwe na nini? Mwana wa Mwalimu alipendekeza mtarakwa, mti wetu wa asili, na ni wazo lenye heshima. Bahati mbaya kidukari huyuhuyu humla mtarakwa pia. Tukachagua kayaba, yenye miiba na isiyomhusu kidukari huyu.

Na kabla ya tone la kwanza la sabuni, Mwalimu alikwenda kwa jirani. Sikuwepo. Ninachojua ni kwamba kesho yake mzee alileta mpira wake wa maji, mrefu kuliko wa kwetu.

## Matokeo

Upande wa jirani karatasi ilianza kubaki karibu tupu kabla Julai haijaisha, na dawa ya pili haikuhitajika. Miti 11 ilikuwa imekufa na ikaondolewa. Mingine iliyokuwa na madoa madogo ilifunika sehemu zake kwa matawi ya pembeni baada ya mvua za vuli, ingawa ukisimama karibu bado unaona mashimo.

Upande wa barabara haukuwa na bahati. Vuli iliwapa watu matumaini, ncha kadhaa zikatoa ubichi, na kiangazi cha Januari kikafuta yote. Hadi mwisho wa Februari miti 18 ilikuwa imekauka moja kwa moja. Iling'olewa, na kwa kuwa ilifuatana, mstari mzima ulipandwa kayaba mwanzo wa masika. Huo umeshika vizuri.

Kayaba zilizopandwa kwenye mapengo madogo ya upande wa jirani zilikufa karibu zote. Zilikuwa kivulini, katikati ya mizizi ya misaiprasi mikubwa inayokunywa kila kitu kilichoko juujuu.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote hakikuwa utaalamu wa wadudu. Ilikuwa kalenda na mchoro. Ua ni jaribio lililojipanga lenyewe: mstari wa miti sawa, ambao sehemu zake zimepatwa na mambo tofauti. Mtu anayesimama mbele ya doa moja na kuuliza "hili ni nini?" anaweza kutaja magonjwa kumi. Mtu anayeuliza kwa nini doa liko hapa na haliko mita tatu mbele, ameshaondoa manane. Mtaro ulijitaja wenyewe siku tulipoona kwamba ukavu wa barabarani unakoma mahali mtaro unapokunja.

Kosa lililogharimu zaidi lilikuwa kudhani kwamba kuna jibu moja. Kila maelezo yaliyotolewa kabla ya Juni yalieleza sehemu fulani na kulazimishwa kueleza yote. Sumu ingeweza kueleza upande wa shamba, lakini si barabarani. Kiu ilikuwa kweli kabisa barabarani, ila uongo upande wa pili. Hata ningekuja na vidukari mkononi na kutangaza nimempata mwizi, kipande cha barabarani kingepuliziwa sabuni bure hadi kife.

Dawa ya mchwa ilikuwa hasara tupu: haikumgusa mdudu aliyekuwepo, ilichafua mboga, na ilipoteza wiki ambazo vidukari walitumia kuenea. Muuza dawa aliuza kulingana na alichoelezwa, na alichoelezwa ni "mti unakauka". Tawi lenye masizi ndani ya mfuko wa plastiki lingeweza kubadilisha mazungumzo yale dukani, ingawa sina uhakika lingebadilisha bei.

Ukataji wa Februari unastahili neno lake. Kukata ubavu kwa kina katikati ya jua kulipunguza majani ya miti iliyokuwa tayari inafyonzwa, na madoa mabaya zaidi yalitokea pale makasi yalipoingia zaidi. Ukataji peke yake usingeua, maana kipande cha barabarani karibu na lango kilikatwa siku ileile na ni kizima. Lakini uliongeza uzito kwa mgonjwa. Sasa fundi anakata mvua ikishakolea, anaacha chini pawe pana kuliko juu ili mwanga ufike kwenye matawi ya chini, na ameambiwa kwamba akikutana na sisimizi wengi aseme.

Sabuni ilifaulu, lakini nisiisifie kupita kiasi. Baridi na nyigu vilikuwa upande wetu, na ua huu unafikika pande zote mbili. Msaiprasi wa mita kumi hauoshwi kwa mpira wa bustani.

Kupanda kayaba kwenye mapengo ya mti mmoja mmoja ulikuwa uamuzi uliochukuliwa kwa ajili ya macho. Mwalimu hakutaka kuona mashimo, na hilo linaeleweka. Katika pengo jembamba ni nafuu kungoja matawi ya jirani yasogee, na kwa muda huo kufunga waya. Pengo la kupanda mti mpya liwe la mita kadhaa, lenye jua, na mizizi ya zamani iwe imeondolewa.

Uamuzi wa kungoja miti ya barabarani msimu mzima una watetezi na wapinzani. Uliokoa miti iliyopona, ambayo Juni haikuonekana tofauti na iliyokufa. Lakini pia ulimnyima Mwalimu mvua za vuli za kuanzisha ua mpya, na kayaba si mti wa haraka.

Mpango wa ukaguzi ni mwepesi: Januari na Julai, karatasi nyeupe na fimbo, mahali pachache kwenye kila upande. Upande wa shamba jirani anaugonga mwenyewe. Kinachobishaniwa sasa ni misaiprasi sita kwenye pembe ya barabara, hai lakini imekonda juu. Mwalimu anataka ibaki kwa sababu inakinga dirisha la jikoni. Mimi ningeiondoa kabla ya masika ijayo ili kayaba ipate mvua yake ya kwanza yote. Shemeji ameshampigia simu fundi wa msumeno kuuliza bei.